Virukaji vya Lambo la Chini

Mama yangu alipenda kuwaambia watu kwamba siku niliyozaliwa nilimkodolea macho mkunga kana kwamba nataka kujua amenawa mikono au hakunawa. Sijui kama ni kweli, lakini najijua. Mtu akinisalimia kwa uchangamfu uliozidi, nawaza anataka nini. Akininyamazia, nawaza anaficha nini. Tabia hiyo imeniokoa mara mbili tatu maishani, na mara moja ilimwondoa mtu kwenye nyumba yake. Ni hiyo mara moja ninayotaka kuiandika.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, kijijini kwetu upande wa Nyakitonto, baada ya watu kutolewa mabondeni kwenye mashamba yao na kupangwa kwa mistari kandokando ya barabara. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, msichana wa miaka ishirini na mitatu, nikiishi na mama ambaye alikuwa mjane. Nilifundisha sayansi na kilimo. Kwa kuwa nilisomea ualimu mjini, nilijiona najua mambo ambayo wengine hawayajui. Majirani nao waliniona hivyo, na hilo halikunisaidia hata kidogo.

Kwetu Uha, anayekupa kinywaji huonja kwanza. Mwenye nyumba huvuta funda moja mbele ya macho yako, humeza, ndipo hukukabidhi kibuyu. Hakuna anayeeleza sababu, maana kila mtu anaijua: anakuonyesha kwamba humo ndani hamna kitu. Tulijifunza hilo kabla hatujajua kufunga vifungo vya shati.

Maji ya kuchota nayo yalikuwa na mwonjaji wake. Ukifika kwenye kisima usichokijua, unachota kidogo kwa nusu kibuyu, unaelekeza juani, unatazama. Ukiona vidudu vyeupe, vidogo kama punje za chumvi, vinarukaruka, unajaza mtungi wako bila wasiwasi. Ukiona maji ni matupu kabisa, unajitwisha mtungi mkavu unaondoka. Sisi tuliviita virukaji. Chuoni niliambiwa jina lao ni viroboto wa maji, na kwamba si viroboto, ni ndugu wa kaa na kamba. Wana gamba laini linalopitisha mwanga, hata mayai waliyobeba mgongoni unayaona. Nilifurahi mno kulijua jambo hilo, nikarudi likizo nikamweleza mama. Mama alisema kaa ni kaa.

Jirani yetu wa chini kabisa alikuwa mwanamke aliyevuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili. Aliingilia Mabamba akiwa na watoto wawili na kitenge kimoja, mumewe hakuvuka. Wenzake wengi walipelekwa kwenye makazi ya wakimbizi. Yeye alikuwa na shangazi aliyeolewa kwetu zamani, akabaki kwake, na shangazi alipofariki alimwachia nyumba, ile ya mwisho chini ya kitalu cha kahawa. Kirundi chake na Kiha chetu ni lugha zinazosikilizana. Kwangu hilo halikuwa la kunituliza. Maneno kumi yalipita sawasawa, la kumi na moja likajikwaa, na mimi nilikuwa nikilingojea hilo la kumi na moja.

Alichota maji kwenye lambo lililokuwa karibu na nyumba yake. Lambo hilo lilichimbwa nilipokuwa mdogo, kitalu kilipoanzishwa. Watu wa kitalu walipulizia miche mrututu, ile dawa ya shaba ya rangi ya buluu, ili majani yasishikwe na ugonjwa, wakasuuza mabomba yao mferejini, na mfereji uliishia humo lamboni. Kina mama wengine wote tulichota chemchemi ya juu. Kwa nini yeye peke yake achote chini? Nilijiuliza swali hilo mara nyingi, na hata siku moja sikumwuliza mwenyewe. Jibu nilikuja kulipata baadaye kwa mama. Siku za mwanzo alikuwa akipanda chemchemini, na wanawake walimwacha asimame na mtungi wake mpaka wote wajaze, hata aliyefika nyuma yake. Alivumilia mwezi mzima, kisha akaacha kupanda.

Mama ndiye pekee aliyezoeana naye. Yule dada alikuwa fundi wa pombe ya ndizi, na jioni jua likipungua mama alishuka kwake wakapiga soga. Siku moja nilimsindikiza. Nikamwona mwenyeji wetu akimimina kwenye kibuyu kidogo, akamkabidhi mama moja kwa moja. Hakuonja. Mama akapokea, akanywa kana kwamba hakuna kilichopungua.

Tulipokuwa tunapandisha kurudi nyumbani nilimwuliza mama kama ameliona lile. Akaniambia yeye ndiye aliyemkataza kuonja, tangu mwaka uliopita.

"Tutaonjeana kama wageni mpaka lini?" alisema.

Mimi jibu hilo halikuniingia. Mtu kaja juzi tu na tayari ameondolewa desturi inayotulinda sote. Nilimwona mama ni mwepesi wa kuamini, na nikajipa kazi ya kuwa mzito kwa niaba yake.

Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa kikali. Chemchemi ilipungua, lambo likabaki nusu. Mwezi wa tisa mama aliugua: homa, tumbo, kutapika, hata uji haukukaa. Siku iliyotangulia alikuwa ameketi kwa jirani. Machale yakanicheza. Kwenye zahanati waliniambia inaelekea kuwa homa ya matumbo, wakatoa dawa. Nikajiambia foleni ile imefika barabarani, mganga hana muda wa kumtazama mtu mmoja mmoja. Nilikuwa nimeshaamua kwamba kuna mkono wa mtu.

Jumamosi yake nilichukua chupa mbili za kioo nikashuka lamboni. Nilichota, nikaelekeza juani. Virukaji vilikuwa tele, vinaruka kama kawaida yao. Kwa desturi yetu, shauri lingeishia hapo, na mtu mwingine angerudi nyumbani akapike. Mimi nikajiambia: hivi ni virukaji vya kwake. Mwonjaji anayeishi kwa mshukiwa hawezi kuwa shahidi. Nikapanda chemchemini, nikachota virukaji vyetu, tunavyovijua toka utotoni, nikavitia kwenye maji ya lambo.

Ilipofika adhuhuri vilikuwa vimelala chini ya chupa kama vumbi. Wenzao niliowaacha kwenye maji ya chemchemi walikuwa wanaruka. Nilirudia mara tatu, kama nilivyofundishwa, na mara zote tatu ilikuwa hivyohivyo. Nasema ukweli, nilisikia raha. Mama yangu amelala hajiwezi, na mimi nasikia raha kwa sababu nilikuwa nimeshuku sawasawa.

Nikamwita balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mtaratibu asiyependa maneno. Nilifanya jaribio mbele yake. Aliketi nje ya nyumba yetu asubuhi nzima akiitazama chupa, na kirukaji cha mwisho kilipotua chini alivuta pumzi.

"Mwalimu, una hakika?" aliniuliza.

Nikamwambia aulize macho yake. Hapo akainuka akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kikao kilifanyika darasani kwangu, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Yule dada aliitwa, akasimama mbele karibu na ubao. Alisema maji yale anayanywa yeye na wanawe, huu mwaka wa tatu. Mtu mmoja akajibu toka nyuma kwamba mwenye sumu hakosi dawa yake, na watu wakanung'unika kukubali. Kisha nikaombwa nionyeshe. Nikaweka chupa juu ya meza yangu ya ualimu, nikatia virukaji vya chemchemi kwenye maji ya lambo, tukangoja. Yeye alisimama muda wote huo, hakuna aliyempa kiti, na mimi mwenye darasa sikumpa. Virukaji vilipoanza kuanguka aliitazama chupa, kisha akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayetaka kuikumbuka sura.

Hawakumpiga, na sikutaka apigwe. Kamati iliamua ahamie kwa ndugu wa marehemu shangazi yake kule Titye, kwa usalama wake, walivyosema. Kabla wiki haijaisha alikuwa amekwenda, mitungi yake ya pombe ameiacha mlangoni. Mama hakujua lolote, alikuwa bado hajiwezi.

Alipoanza kupata nguvu aliniuliza kwa nini jirani hajaja kumjulia hali. Nilimweleza yote, na nilieleza kwa fahari, nikimwonyesha chupa. Mama alianza kuniuliza taratibu, kama mimi nilivyozoea kuwauliza wanafunzi.

"Virukaji vya lambo vinaishi lamboni?"

"Vinaishi."

"Ukichukua vya chemchemi ukavitupa huko, vinakufa?"

"Vinakufa."

"Na wewe ndiye unayefundisha watoto wa watu," alisema, akageukia ukutani.

Kesho yake ndipo aliponieleza, bado kwa hasira. Alinikumbusha maharage yetu ya kule kwenye mawe. Mwaka mmoja wa ukame, mimi nikiwa mchanga mgongoni, shamba zima lilikauka yakabaki mashina machache. Akatunza mbegu za yale machache, akapanda, mwakani akatunza tena, na sasa kule kwenye mawe hustawi maharage hayo tu. Mbegu ya dukani ukiipanda hapo hukauka kabla ya kutoa maua. Je, kuna aliyeiroga mbegu ya dukani? Tena akasema, yule mwenzake na watoto wamekunywa maji yale miaka mitatu, na chupa yangu ilikuwa na nusu siku. Nilichofanya mimi ni kuchukua wageni, nikawatumbukiza kwa wenyeji wa dhiki, na walipokufa nikamkamata mwenye nyumba.

Mtu mwingine angelia akaomba msamaha. Mimi, kwa aibu kubwa niliyokuwa nayo, nilimshuku hata mama. Nikawaza, maharage ni maharage. Huenda virukaji vya lambo vimezoea tu, kama mguu wa mkulima unavyoota sugu, na havikuzaliwa hivyo. Na kama ni mazoea, ukivilea kwenye maji safi watoto wao watakuwa sawa na wa chemchemi. Sasa ninajua kwamba nilikuwa natafuta mahali pa kujificha. Lakini swali lenyewe halikuwa baya.

Nilikwenda Kasulu mjini kwa mwenye duka mmoja, mzee Mwislamu mwenye ndugu zake pwani, nikamwomba machupa matupu ya peremende. Aliuliza ya nini. Nikamwambia ya kufugia wadudu. Alinipa manane, lakini kuanzia siku hiyo nikiingia dukani kwake alikuwa hayaondoi macho yake mikononi mwangu. Nikajua kidogo inavyokuwa.

Niliyapanga machupa kwenye dirisha la stoo ya shule. Manne nikatia virukaji vya lambo, manne vya chemchemi, yote kwa maji ya chemchemi. Chakula chao kilikuwa maji niliyoyaacha juani na chembe ya samadi mpaka yakawa kijani. Mama mmoja wa kirukaji huzaa bila kungoja dume. Siku saba nane tu unaona vitoto vinamtoka mgongoni. Vitoto hivyo nilivihamisha kwa kijiko, vikakua, vikazaa, nikahamisha vitoto vya vitoto. Wanafunzi walidhani natengeneza dawa. Mwalimu mkuu aliniuliza mara mbili kama ninajisikia vizuri.

Mvua zilikuja, tukapanda, tukapalilia. Mimi nilifika kizazi cha nne. Hakuna hata kimoja katika virukaji vile kilichowahi kugusa maji ya lambo, wala mama yake, wala bibi yake. Nilishuka nikachota maji ya lambo, nikagawa kwenye chupa mbili, nikatia vitukuu vya chemchemi upande huu na vitukuu vya lambo upande ule. Nikaketi kwenye gunia la mbegu, nikatazama.

Vya chemchemi vilikufa. Vya lambo viliruka.

Basi haikuwa sugu ya mguu. Walizaliwa nayo. Nilielewa pale pale kwenye gunia, kama vile mtu amefungua dirisha. Siku mrututu ulipoingia lamboni mara ya kwanza, virukaji vingi vilikufa kama vile vyangu vya darasani. Vichache, kwa jinsi vilivyoumbwa, viliweza kustahimili. Hivyo vichache ndivyo vilivyozaa, na watoto wakafanana na waliowazaa, na kila bomba liliposuuzwa waliokuwa dhaifu waliondoka, mpaka lambo zima likawa la ukoo wa wavumilivu. Na uvumilivu wenyewe haukuwa wa bure: kwenye maji safi ya machupa yangu, vya lambo vilikuwa vidogo kuliko vya chemchemi, na vilizaa vitoto vichache zaidi.

Wakati huohuo bwana afya alipita kijijini kukagua vyoo, nikamwonyesha maji ya pande zote mbili. Aliyapeleka kupimwa, na aliporudi aliniambia lambo lina mrututu kidogo tu, wa kumwumiza mdudu anayeishi humo usiku na mchana asiye na kinga yake, si wa kumwumiza mtu. Kilichomtia wasiwasi yeye ni chemchemi yetu. Ng'ombe na watu walikuwa wakikanyaga na kujisaidia juu yake, na kiangazi maji yalipopungua uchafu wote ulishukia kwenye mitungi yetu. Homa ya matumbo ya mama ilitoka huko, yeye hakuwa na shaka. Nikamwambia chemchemi imejaa virukaji. Akasema virukaji havijui homa ya matumbo, akatuagiza tuchemshe.

Nilikwenda kwa balozi na machupa yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu yake ileile. Akasema kikao kilishafungwa, na ile nyumba ya chini kamati imeshampa kijana aliyeoa. Nikamwambia kwamba jaribio lilikuwa la kwangu na kosa ni langu. Akasema hilo ni kweli, lakini mikono iliyoinuliwa darasani ilikuwa mingi, na kila mmoja ana sababu ya kutotaka kuishusha. Hakuniangalia aliposema hivyo.

Likizo ilipofika, mimi na mama tulipanda lori la mazao, kisha tukatembea, tukafika Titye mchana. Nilibeba chupa moja ya virukaji mikononi njia nzima, nikiifunika na khanga isichemke kwa jua. Sijui nilidhani nitaifanyia nini. Tulimkuta akilima matuta ya viazi kwenye kipande cha ardhi chenye mteremko mbaya. Alipomwona mama aliangusha jembe, wakakumbatiana wakaulizana amahoro, yaani amani, kwa muda mrefu, na mimi nikasimama kando na chupa yangu.

Nilipopewa nafasi nilisema yote bila kujitetea. Nilimwambia, dada, nilikosea, na si kwamba nilidanganywa na mtu. Nilikuwa nataka uwe na hatia, nikatafuta njia ya kuipata. Nikamweleza machupa manane, vizazi vinne. Alisikiliza akiondoa udongo kwenye kucha zake. Mwisho akainama akaitazama chupa.

"Bado vinaishi?" aliuliza.

"Ndiyo. Ni vya lambo lako."

"Si lambo langu," alisema, na hakusema kwa ukali.

Kisha akatukaribisha ndani, maana mgeni ni mgeni. Alitoa vibuyu viwili vidogo, akamimina pombe ya ndizi. Cha kwanza alimkabidhi mama moja kwa moja, na mama akapokea akanywa. Cha pili alikishika kwa mikono miwili, akanigeukia, akavuta funda moja polepole, akameza, nikaona koo lake likishuka. Ndipo akanipa.

Nilipokea nikanywa mpaka chini. Mama alikuwa anatazama nje.

Nilikwenda Titye kila likizo kwa miaka minne, mpaka nilipohamishiwa Kibondo. Nilimpelekea mbegu za maharage ya mama, nikamsaidia kuvuna, watoto wake nikawafundisha hesabu. Tulicheka pamoja, na naamini alinisamehe, kwa sababu alisema hivyo na hakuwa mtu wa maneno matupu. Lakini katika miaka yote minne hakunipa kibuyu bila kuonja kwanza, na mimi sikupata kumwambia aache.